Tumtambueje mhadhiri bora wa fizikia katika shahada ya kwanza?

Mhadhiri_Mtaratibu:
Ndugu wanajukwaa, nimepewa kazi ya kuongoza kamati ndogo itakayopendekeza mhadhiri wa kutunukiwa kwa ufundishaji bora wa fizikia katika shahada ya kwanza. Hadi sasa idara imetegemea fomu ambazo wanafunzi hujaza mwishoni mwa muhula, na karibu kila mwaka mshindi ni yule mwenye mihadhara ya kuchekesha na mitihani isiyoumiza kichwa. Tutazame ushahidi gani mwingine, hasa kwa wanaofundisha mwaka wa kwanza, ambako ukumbi hujaa hadi wengine wakasimama madirishani?

Kani_na_Mchapuko:
Fomu hizo msizitupe, ila msizipe uzito zisiostahili. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliotatua maswali kwa vikundi darasani walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri, ilhali walipopimwa wao ndio waliofaulu zaidi. Kwa hiyo pimeni uelewa wenyewe, mwanzoni na mwishoni mwa kozi. Kwa mekanika, yaani somo la kani na mwendo, kuna jaribio la dhana ya kani lililochapishwa mwaka 1992 na David Hestenes na wenzake, ambalo halihitaji hesabu hata kidogo. Mwanafizikia Richard Hake alipolinganisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 katika majaribio ya aina hiyo mwaka 1998, madarasa ya mhadhara mtupu yalifikia wastani wa 0.23 tu ya maendeleo yaliyowezekana, na yale ya ushirikishaji 0.48.

Mzee_wa_Maabara:
Nakubali, lakini jaribio hilo halimsaidii anayefundisha kwantumu, yaani fizikia ya chembe ndogo mno, wala anayesimamia maabara. Ingieni darasani, tena zaidi ya mara moja. Niliwahi kukaa kiti cha nyuma mhadhiri alipouliza ni kani gani inayolitenda jiwe lililorushwa wima linapofika kileleni, tukipuuza hewa. Wengi walinyoosha mikono kusema hakuna. Hakuwasahihisha, alimtaka kila mmoja amshawishi jirani yake, mtindo ambao mwanafizikia Eric Mazur aliuanza Harvard mwaka 1991. Katikati ya makelele nikamsikia binti mmoja akimuuliza mwenzake, "Kama hakuna kani, mbona halibaki huko huko juu?" Mikono iliponyooshwa tena, jibu lilikuwa limegeuka. Fomu gani ingeliona hilo?

Mhadhiri_Mtaratibu:
Nashukuruni sana. Hofu yangu ni kwamba mtu akijua tutatumia jaribio hilo, atawakaririsha wanafunzi majibu yake.

Kani_na_Mchapuko:
Hofu hiyo ni ya haki. Karatasi zikusanywe na mtu wa nje ya kozi, wala zisibaki mikononi mwa mhadhiri, kisha muwaulize walimu wa mwaka wa pili kama wanafunzi waliotoka kwake bado wanachanganya kani na mwendo.