Ukigombana na mhudumu, nani anafungasha virago?

MTOA MADA

Swali hili nimekaa nalo miaka kadhaa, leo nalileta hapa tulijadili waziwazi. Tunazungumzia huduma ya kuishi kwa kujitegemea kwa msaada: mtu mwenye ulemavu anakaa katika nyumba ya kawaida mtaani, na wahudumu wanamsaidia kuamka, kuoga, kula, kutoka na kulala. Je, ni sawa anayetoa huduma awe pia ndiye mwenye nyumba? Mimi nasema si sawa. Naenda mbali zaidi: nyumba ya watu wanne au watano inayoendeshwa hivyo ni taasisi ileile, yaani yale makao makubwa ya kuwatunza wenye ulemavu, ila imepunguzwa vyumba.

Nieleze ninakotokea. Mdogo wangu wa kike ana ulemavu wa akili, na hasemi. Alipotoka katika makao makubwa na kuhamia nyumba ya watu wanne, familia nzima tulishangilia. Alipata chumba chake, na pazia alilionyesha mwenyewe kwa kidole. Ilituchukua muda kuona yaliyokuwa mbele ya macho yetu. Alikuwa akilazwa saa moja na nusu jioni, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, kwa sababu zamu hubadilika saa mbili. Akitaka kutoka, ama wanatoka wote wanne ama hatoki mtu. Ufunguo wa mlango wa mbele ulitundikwa ofisini, ndani ya nyumba tunayoambiwa ni yake. (Ndiyo, kulikuwa na ofisi ndani ya nyumba, na mlango wake ndio pekee uliokuwa na kitasa kinachofungwa.)

Kisha tukagundua mhudumu mmoja anamburuta kwa mkono. Tulilalamika kwa maandishi. Jibu lilikuja la upole kabisa: kama familia hairidhiki na huduma, ina uhuru wa kutafuta kwingine. Kwingine maana yake ni yeye aondoke nyumbani kwake. Aliyekosa ni mhudumu, wa kuhama ni mdogo wangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa na la kufanya tangu siku ya kwanza, kwa sababu kitanda na mkono unaomlaza vilikuwa vya mtu mmoja.

Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, inasema mtu achague anapoishi na anaoishi nao, sawa na wengine, wala asilazimishwe kuishi katika mpango fulani wa makazi. Mwaka 2017 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla namba 5, na humo haikuzunguka. Iwe ni makao ya watu zaidi ya 100, iwe ni nyumba ya watu watano hadi wanane, hata iwe ni nyumba ya mtu mmoja, haiwezi kuitwa ya kujitegemea kama ina alama za taasisi. Alama zenyewe zimetajwa: kulazimika kugawana wahudumu, kukosa sauti juu ya nani akusaidie, ratiba isiyojali mtu anataka nini, kuishi na watu usiowachagua. Niliposoma nilihisi mwandishi alilala usiku mmoja katika nyumba ile.

Pendekezo langu: sheria itenganishe. Mkataba wa upangaji uwe kwa jina la mkaazi. Mkataba wa huduma uwe mwingine, na mtu mwingine. Karibuni.

MZAZI

Ndugu mtoa mada, pole kwa yaliyompata mdogo wako. Mhudumu yule alistahili kufukuzwa siku hiyohiyo. Lakini pendekezo lako linanitisha, na nitakwambia kwa nini.

Mwanangu ana miaka 26. Ana kifafa kinachomjia usingizini, na hawezi kumweleza mtu kinapokaribia. Anaishi na wenzake watatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nalala hadi asubuhi. Kuna mtu macho usiku kucha. Umpe fleti yake peke yake, nani atamlipia mtu wa kukesha na mtu mmoja? Hakuna bajeti inayokubali. Watampa kengele ya kubonyeza. Mtu aliye katikati ya kifafa habonyezi kengele.

Jambo la pili ni upweke. Mnasema nyumba ya wanne ni taasisi, ila mwanangu ana rafiki pale. Wakati wa kupumzika wanakaa bega kwa bega, hawasemi kitu, na wote wawili wanatulia. Huyo rafiki hatampata kwenye fleti.

La tatu ndilo linalonikosesha raha zaidi. Haya mageuzi yakianza, hufunga kwanza, hujenga baadaye. Marekani mwaka 1963 ilipitisha sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii ili hospitali kubwa zipunguze watu. Hospitali zilitoa watu kweli. Vituo havikujengwa vyote vilivyoahidiwa, na fedha hazikutosha. Wengi waliishia barabarani na magerezani. Kwa hiyo mtu akiniambia "tuvunje mfumo huu kwa ajili ya haki", mimi namuuliza mwanangu atalala wapi siku ya katikati, kati ya kuvunjwa na kujengwa.

Na hata Mahakama Kuu ya Marekani, katika hukumu ya Olmstead ya 1999 ambayo wanaharakati huitaja kila siku, haikusema kila mtu atoke katika taasisi. Ilisema kumtenga mtu bila sababu ya haki ni ubaguzi, ila ikaweka masharti: wataalamu waone inafaa, mwenyewe asipinge, na rasilimali zizingatiwe pamoja na mahitaji ya wengine. Mimi nikifumba macho, nataka mwanangu awe mahali penye watu.

MHUDUMU

Nimefanya zamu katika nyumba hizi miaka tisa, na naomba niseme jambo ambalo familia hazilioni.

Kulazwa saa moja na nusu si roho mbaya, ni hesabu. Mtu anayenyanyuliwa kwa winchi kutoka kwenye kiti kwenda kitandani anahitaji wahudumu wawili, kwa usalama wake na wa migongo yetu. Zamu ya jioni ina wawili, ya usiku ina mmoja. Basi yeyote wa winchi lazima awe kitandani kabla mwenzangu hajaondoka. Na wawili wakishalazwa, wale wengine wawili nao wanavutwa mulemule, kwa sababu aliyebaki anaandika kitabu cha makabidhiano, anagawa dawa na kufua. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba watu wazima walale kama watoto. Ratiba imejipanga yenyewe kwa idadi ya mikono iliyopo, na ukitenganisha nyumba na huduma bila kuongeza mikono, saa moja na nusu itabaki saa moja na nusu.

Nimefanya kazi pia mahali ambako mwenye nyumba na mtoa huduma walikuwa tofauti. Chuma cha kushikilia bafuni kiling'oka. Mwenye nyumba akasema ni kifaa cha huduma, mtoa huduma akasema ni sehemu ya jengo. Majuma sita tulimwogeshea mtu yule kitandani.

Na hili liko moyoni mwangu kweli: kwenye fleti ya mtu mmoja na mhudumu mmoja, mlango ukifungwa hakuna shahidi. Mimi nilishawahi kumripoti mwenzangu. Niliweza kwa sababu nilikuwa chumba cha pili na nilisikia.

MWENYE KITI MWENDO

Nawasoma wote watatu na naona tunazungumza kama kwamba jambo hili lilianzishwa na watoa huduma. Halikuanzishwa nao.

Mwaka 1962 kijana mmoja, Ed Roberts, aliyepooza kwa polio tangu ana miaka 14, aliingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Alilala ndani ya mashine ya chuma ya kumsaidia kupumua, na hakukuwa na bweni linaloweza kuibeba. Wakamweka katika hospitali ya chuo. Wengine wenye ulemavu mzito wakajiunga naye, wakawa kundi. Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo swali la mada. Afisa aliyesimamia msaada wao alipotaka kuwaondoa wawili kati yao, walimkatalia hadharani, na mwisho wa siku aliyehamishwa ni afisa. Mwaka 1972 kundi hilo lilianzisha kituo cha kuishi kwa kujitegemea, kikiendeshwa na wenye ulemavu wenyewe. Na mwaka 1975 Roberts akateuliwa kuongoza idara ileile ya jimbo ambayo zamani ilimwona ana ulemavu mkubwa mno kuweza kufanya kazi.

Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako. Mimi siwezi kujifunga kifungo. Nina wasaidizi wanne wanaopokezana, nimewahoji mwenyewe, nimewafundisha mwenyewe, na mmoja nilimwachisha kazi mwezi wa pili tu kwa sababu alizungumza na wageni wangu kana kwamba mimi sipo. Usiku ule nililala kitandani kwangu. Yeye ndiye aliyeondoka.

Ndiyo maana sipendi neno "mlezi". Mlezi anajua kinachokufaa. Msaidizi anasubiri umwambie.

Ila mzazi, hofu yako ya fedha si ya bure. Uingereza ilikuwa na mfuko maalumu wa kuishi kwa kujitegemea tangu 1988, watu wenye mahitaji makubwa wakilipwa ili waajiri wasaidizi wao. Ulifungwa tarehe 30 Juni 2015 na mzigo ukahamishiwa serikali za mitaa. Haki inayokaa kwenye mfuko unaoweza kufungwa inakupa usingizi mwepesi. Sweden walifanya tofauti: tangu Januari 1994 msaada binafsi ni haki iliyo ndani ya sheria, na ukinyimwa unakwenda mahakamani.

MCHANGIAJI

Ndugu wa kiti mwendo, wewe unaongea na unahoji watu kazi. Na asiyeweza kusema? Mdogo wa mtoa mada atamfukuzaje mtu?

MTOA MADA

Swali la haki kabisa, na nilitarajia lije.

Mdogo wangu hasemi, lakini anafukuza. Akiingia mtu asiyemtaka, anageuza uso ukutani na kukaza mkono wa kushoto. Akiingia anayempenda, ananyoosha mguu avishwe kiatu kwa sababu anajua watatoka. Tuliandika yote hayo, mimi, mama na mhudumu mmoja aliyemjua vizuri, tukaweka tarehe na majina. Miezi minne. Mwisho karatasi ilionyesha kitu ambacho hakuna aliyeweza kukibisha. Ibara ya 12 ya mkataba uleule inadai hivyo: mtu apewe msaada wa kufikia uamuzi wake, na anayemsaidia asigeuke kuwa mwamuzi. Ni kazi ndefu, sikatai. Lakini karatasi ile haikutufaa kitu mpaka alipopata nyumba ambayo matokeo ya karatasi yangeweza kutekelezwa. Kule mwanzo alikwisha kugeuza uso ukutani mara elfu.

Mhudumu, nakushukuru kwa ile ya winchi. Sikuijua, na naona nilimlaumu mtu wa zamu kwa kosa la aliyepanga idadi ya watu. Nakubali pia kwamba kutenganisha hakuongezi mikono. Kuhusu shahidi, hapo sina jibu kamili. Kwetu tumepanga watu wasio wahudumu wawe wanapita bila taarifa: shangazi, jirani, rafiki wa zamani. Kwa mtu asiye na ndugu mpango huo hauna maana, na hilo linanisumbua.

Mzazi, sikusema mwanao atolewe kwa rafiki yake. Watu wanne wakichagua kuishi pamoja, ni nyumba. Hata tume kubwa ya Australia iliyochunguza ukatili dhidi ya watu wenye ulemavu, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2023, haikuwa na kauli moja hapa: makamishna wanne walitaka nyumba za makundi ziondolewe ndani ya miaka 15, mwingine akataka muda mrefu kuliko huo. Mimi nisingegombania miaka. Nakuuliza jambo dogo tu: yule rafiki akihamishwa kesho kwa sababu mtoa huduma amepata mteja mwenye malipo makubwa zaidi, mwanao ana karatasi gani ya kuzuia?

MZAZI

Sikuwahi kuliwaza kwa upande huo. Nilikuwa namwaza mwanangu atolewe, sikuwaza rafiki yake.

Kuhusu mhudumu wa kukesha bado nasimama nilipo. Kugawana mtu wa usiku kati ya watu wanne ndiko kunakomweka hai, na kama kamati ya Umoja wa Mataifa inaliita hilo alama ya taasisi, basi waje walale kwangu usiku wa kifafa.

MWENYE KITI MWENDO

Mzazi, kamati inasema kugawana kwa *kulazimishwa*. Majirani wanne, kila mmoja na mlango wake na mkataba wake, wanaweza kukubaliana kumlipa mkeshaji mmoja. Mimi na wenzangu wawili katika jengo langu ndivyo tunavyofanya. Akitushinda, tunamtafuta mwingine, na hakuna anayehama.

MHUDUMU

Hilo linawezekana, nimelifanyia kazi. Vyumba viwe karibu, na mkeshaji awe na funguo zote kwa idhini ya kila mmoja. Kifaa cha kitandani kinachohisi mtikisiko kinasaidia, hakihitaji kubonyezwa. Ila mkeshaji anahitaji wa akiba, vinginevyo akiugua usiku mmoja mnabaki hivihivi.

MZAZI

Nimetoka kufungua faili la mwanangu. Kuna karatasi moja tu, kurasa kumi na moja, chumba na huduma vimo pamoja. Kifungu cha saba kinasema huduma ikisitishwa na upande wowote, mkaazi ataondoka ndani ya siku 28. Chini kuna sahihi yangu. Ya mwanangu haipo, wala hapakuachwa nafasi yake. Jumatatu nakwenda kuwauliza kuhusu kifungu hicho, na nakwenda naye.