Mjadala: alama za SAT za mtoto, tupeleke au tufiche?

Mama wa Lowell
Jamani, kichwa kimoja hakitoshi hapa. Binti yangu amefanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, akapata 1380 kati ya 1600: kusoma na kuandika 760, hisabati 620. Ana vyuo tisa kwenye orodha na kila kimoja na sheria yake. MIT waliurudisha mtihani kuwa lazima mwaka 2022. Dartmouth, Brown na Harvard wakatangaza 2024 kwamba nao wanautaka. Vyuo vya UC, yaani Chuo Kikuu cha California na matawi yake, hata upeleke 1600 hawaangalii. Waliobaki ni wale wa "hiari yako", upeleke alama au usipeleke, na hao ndio wananikosesha usingizi. Mshauri wa shule anasema kama alama iko chini ya mpaka wa robo ya mwisho, yaani namba ambayo robo tatu ya waliopokelewa wameipita, ficha. Mimi nasema peleka. Ukinyamaza, anayesoma fomu atajikisia mwenyewe, na hatakisia 1380. Nipingeni.

Baba Pacha, Dallas
Nakupinga, dada. Wakikwambia hiari, ichukue hiari yako. Wangu wa kwanza alificha na akapokelewa. Hiyo 620, kama anaomba uhandisi, ni kujipeleka mwenyewe polisi.

Mama wa Lowell
Anaomba sayansi ya siasa.

Baba Pacha, Dallas
Basi nimepunguza sauti kidogo. Kidogo tu.

Mwalimu mstaafu
Hiyo namba ya robo ya mwisho inawapoteza wazazi wengi. Imetokana na nani? Na waliopeleka alama peke yao. Mwaka huu wenye 1350 wakificha, namba inayotangazwa inapanda. Mwakani mwenye 1400 naye anaona haya, anaficha, inapanda tena. Mnajipima na foleni ambayo wafupi wameshatolewa.

Dartmouth walipochunguza kabla ya kuurudisha mtihani, waligundua kuna watoto wa familia za kipato cha chini walioficha alama za karibu 1400 ambazo zingewasaidia. Pale 1400 haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na shule ulikotoka. Kwa hiyo mama, usianze na wastani wa chuo. Shule ya binti yako wastani wake ni ngapi?

Kijana wa Moshi
Shikamooni. Mnajadili kupeleka au kuficha, wengine tunajadili nauli. Nilipanda basi mpaka Dar, nikalala kwa shangazi, na ada ya mtihani pamoja na nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani ilipita dola 100. Msamaha wa ada upo, lakini sisi tusio raia wa Marekani tulioko huku hautuhusu. Siku hizi unafanyia kwenye kompyuta. Yangu niliazima, nikakaa saa mbili na dakika 14 jicho moja kwenye swali, jingine kwenye betri. Nikapata 1290. Sina pesa ya kurudia kama wanaorudia mara tatu. Matokeo yangu ya kidato cha sita ya fizikia na hisabati ni mazuri kuliko hiyo 1290. Mimi naficha, na sioni aibu. Vyuo vikiulazimisha mtihani, wa kwanza kuachwa stendi ni mimi.

Mwalimu mstaafu
Marahaba, mwanangu. Kwako sina ubishi mwingi. Ila kidato cha sita chetu, msomaji wa kule Ohio anakijua? SAT anaijua. Kama shuleni kwenu aliyeufanya ni wewe peke yako, 1290 hiyo inaonekana tofauti na ya mtoto aliyelipiwa mwalimu wa jioni. Naona ulivyochoka, lakini usiizike upesi hivyo.

Kijana wa Moshi
Inaonekana tofauti kwa anayetaka kuiona hivyo, mwalimu.

Mama wa Lowell
Nimetoka kutafuta karatasi ya shule yetu. Wastani ni 1010. Baba Pacha, umeona?

Baba Pacha, Dallas
Nimeona. Hapo peleka. Nimeshindwa kwa mtoto wako, sijashindwa kwa hoja: angekuwa shule ya matajiri ambako wastani ni 1400, ningesema ficha, na ningekuwa sahihi.

Mama wa Lowell
Hapo hata mimi ningeficha. Sasa limebaki moja. Mara ya kwanza aliufanya akiwa na homa, akapata 1190. Vyuo vingi unachagua siku ipi upeleke, na vingine vinaokota alama ya juu ya kila sehemu. Lakini Georgetown wako kwenye orodha, na wao wanataka zote, kila mara uliyoufanya.

Baba Pacha, Dallas
Futa Georgetown.

Mwalimu mstaafu
Asifute! Kutoka 1190 hadi 1380 ni kupanda, si kushuka. Aziache zote mbili mezani.

Mama wa Lowell
Binti mwenyewe anataka kufuta. Tunabishana tangu chakula cha jioni, na ugali umeshapoa.