Fankisheni ya uwiano: nitofautisheje tundu na asimptoti, na nitokeje kwenye jedwali hadi mlinganyo?

mtafuta_x aliuliza:

Wakuu, naomba ufafanuzi. Nina fankisheni hii:

f(x) = (x² − x − 6) / (x² − 4x + 3)

Jedwali lake kwa x kuanzia −2 hadi 4:

x: −2 | −1 | 0 | 1 | 2 | 3 | 4
f(x): 0 | −0.5 | −2 | haipo | 4 | haipo | 2

Kikokotoo kinagoma kwenye x = 1 na x = 3, na sababu naiona: asili (sehemu ya chini) inakuwa 0. Ila kwenye grafu sehemu hizo mbili hazifanani hata kidogo. Kwenye 1 grafu inakatika, upande mmoja inazama na mwingine inapaa. Kwenye 3 inapita kana kwamba hakuna kitu. Nitazitofautishaje bila kutegemea mchoro wa programu? Na nikipewa jedwali peke yake, nafikaje kwenye mlinganyo?

asili_si_sifuri alijibu:

Kabla ya jedwali, tafuta vigawo vya juu na vya chini:

f(x) = [(x − 3)(x + 2)] / [(x − 3)(x − 1)]

Hapo hapo andika pembeni: x isiwe 1, x isiwe 3. Andika kabla hujafuta chochote, maana ukishafuta (x − 3) sharti la 3 halionekani tena, na hapo ndipo wengi hupoteza tundu, yaani nukta moja inayokosekana kwenye grafu. Baada ya kufuta inabaki (x + 2) / (x − 1).

Kigawo cha asili kilichofutika chote kinaacha tundu. Kilichobaki chini kinaleta asimptoti ya wima, yaani mstari wa kusimama ambao grafu inaukaribia bila kuugusa. Kwa hiyo tundu liko x = 3, na kimo chake unakipata kwa kuweka 3 kwenye mlinganyo uliorahisishwa: 5/2. Chora kiduara kitupu kwenye (3, 2.5). Asimptoti ya wima ni x = 1. Angalia neno "chote": ingekuwa (x − 3) juu na (x − 3)² chini, kimoja kingebaki chini na x = 3 ingekuwa asimptoti, si tundu.

Jedwali nalo linatofautisha, ila ulisogeze karibu na penye tatizo:

x: 2.9 | 2.99 | 3.01 | 3.1
f(x): 2.579 | 2.508 | 2.493 | 2.429

x: 0.9 | 0.99 | 1.01 | 1.1
f(x): −29 | −299 | 301 | 31

La kwanza linatulia kuelekea 2.5 kutoka pande zote mbili. La pili halitulii popote. Tena angalia kasi yake: umbali kutoka 1 umepungua mara 10, kutoka 0.1 hadi 0.01, na thamani imekua takriban mara 10. Hiyo ni dalili ya kigawo chenye kipeo cha 1. Ingekua takriban mara 100, kipeo kingekuwa 2, na matawi yote mawili yangeelekea upande mmoja, yote juu au yote chini.

nukta_kwa_nukta alijibu:

Naongezea la jedwali, kwa sababu la namba nzima peke yake ni hatari. Chukua g(x) = 1/(2x − 3):

x: 0 | 1 | 2 | 3
g(x): −0.333 | −1 | 1 | 0.333

Hakuna "haipo" hata moja. Anayeunganisha nukta atapiga mstari kutoka (1, −1) hadi (2, 1) na kudai grafu inakata mhimili wa x katikati yake. Haikati, kwa kuwa kiasi (sehemu ya juu) ni 1 na hakiwi 0 kamwe. Kilichopo hapo ni asimptoti x = 1.5. Alama ikibadilika kati ya nukta mbili, usiunganishe mpaka umehakikisha asili haiwi 0 hapo katikati.

Kwenye programu, weka mabano juu na chini. Kwa f yako, f(2) lazima iwe 4. Ukiandika x² − x − 6/x² − 4x + 3 bila mabano, unapata −4.5 na grafu ya kitu kingine kabisa. Na usitegemee kuliona tundu kwenye skrini: ni nukta moja tu, na programu nyingi hupita juu yake. Nyingine huunganisha matawi mawili kwa mstari wa wima ambao si sehemu ya grafu.

mtafuta_x:

Asante sana wakuu. Je, grafu inaweza kuvuka asimptoti ya mlalo? Nimesoma kwamba haivuki.

nukta_kwa_nukta:

Ya wima haivuki. Ya mlalo inaweza, kwa sababu inaeleza tu mwenendo x ikiwa kubwa sana, chanya au hasi. Mfano 2x/(x² + 1): asimptoti yake ni y = 0, na grafu inaivuka kwenye x = 0. Kwa f yako, gawanya: f(x) = 1 + 3/(x − 1). Asimptoti ni y = 1, na kwa kuwa 3/(x − 1) haiwi 0, hii haivuki. Umbo hili pia linarahisisha jedwali: x = 4 inatoa 2, x = 31 inatoa 1.1, x = 301 inatoa 1.01.

Kipeo kikubwa cha x kwenye kiasi kikizidi kile cha kwenye asili kwa 1, asimptoti ya mlalo haipo, unapata ya mshazari (mstari ulioinama). Mfano (x² + 1)/(x − 1) = x + 1 + 2/(x − 1), mstari wake ni y = x + 1.

asili_si_sifuri:

Sasa swali la pili. Tuseme umepewa hili:

x: −1.1 | −1 | −0.9 | 0 | 3 | 7 | 799
h(x): 82 | haipo | −78 | −6 | 0 | 1 | 1.99

Sifuri iko x = 3, kwa hiyo juu weka (x − 3). Kwenye −1 thamani zinalipuka kwa alama tofauti, kwa hiyo chini weka (x + 1), kipeo 1. Mbali kabisa inaelekea 2, basi vipeo vya juu na chini vilingane na kizidishi kiwe 2:

h(x) = 2(x − 3)/(x + 1)

Hakiki kwa nukta ambayo hukuitumia: h(0) = −6, sawa; h(7) = 8/8 = 1, sawa. Isipolingana, kuna kigawo hujakiona. Ongeza nukta katikati ya zile ulizopewa.

Jedwali likionyesha pia "haipo" kwenye x = 5, huku 4.99 ikitoa 0.664 na 5.01 ikitoa 0.669, zidisha juu na chini kwa (x − 5). Tundu lake litakuwa (5, 2/3).