Migomba ya mapambo Limuru: ipi itastahimili baridi?

BintiShela: Hamjambo wenzangu. Mimi mtu wa Lamu, ila bwana amehamishwa kikazi na sasa tuko Limuru. Ua ni mpana na mtupu, nami sijazoea dirisha lisilo na mgomba. Ndizi za kula zipo sokoni. Mimi nataka majani. Mamangu ameshanichimbulia vichipukizi vya ule wenye mabaka mekundu, viko guniani. Aniletee? Huku Julai maji ya mfereji yanauma meno.

FundiBustani_Malindi: Dada, mwambie mama avirudishe ardhini leo hii. Natunza bustani za mahoteli huku Malindi na mgomba huo naujua: asili yake Java, ni mtu wa joto. Nyuzi zikishuka chini ya 14 hivi, mgomba wa aina hiyo huacha kukua, na Limuru iko juu mita 2,200 hivi. Jani jipya litatoka limejikunja kama sigara, likwame hapo hapo. Tena udongo wa guniani husafirisha minyoo ya mizizi na ugonjwa wa mnyauko.

Uliza kwanza mgomba umetoka wapi, urembo baadaye. Mimi ningepanda ensete, ule mgomba mwitu wa milima yetu wenyewe, kuanzia Ethiopia kushuka kusini. Wagurage, watu wa Ethiopia, hula kisiki na shina lake, wakilichachusha shimoni. Majani yamesimama wima, uti wa katikati mwekundu. Iko na aina yenye majani ya damu ya mzee. Jua tu kwamba kwa kawaida hautoi vichipukizi, na ukishachanua unakufa. Basi ni mbegu: nyeusi, ngumu mno. Loweka siku moja au mbili kwenye maji ya uvuguvugu, kisha usizifukuefukue kuangalia. Zinachelewa.

Mzee_wa_Mambrui: Msisahau mgomba uitwao basjoo, wa China. Uingereza wanaupanda nje. Baridi huua majani, lakini kisiki kikifunikwa nyasi kavu huchipua tena. Lakini mche wa kutoka nje ya nchi unahitaji kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali ya Kenya, mwanangu, usitie mkobani.

BintiShela: Ahsante, mzee. Na ule wa ndizi za waridi? Wanangu wameuona pichani, hawanipi raha.

FundiBustani_Malindi: Huo wa Assam, India. Mfupi, ndizi zina vinyweleo, zikiiva hujimenya zenyewe mtini. Watoto watapenda hapo tu, maana ndani ni mbegu tupu. Uweke kwenye chungu kikubwa, Juni uingize barazani na upunguze maji. Kisiki kikikaa majimaji wakati wa baridi huoza.

Ensete ukae upande wa ukuta unaopigwa na jua la mchana. Upepo ndio huchana majani, na matofali hutunza joto hadi usiku. Usiupande karibu na paipu: kisiki chake hunenepa vibaya.