Tupeane uzoefu: kundi lenu la maigizo lilichaguaje mchezo, na siku ya kuonyesha ilikuwaje?

Kijana wa Mikindani
Wadau, habari za jioni. Tuna kikundi cha maigizo hapa Mikindani, watu kumi na wanne, wengi mafundi na mama lishe. Mazoezi ni jioni chini ya mwembe, baada ya kazi. Wiki ya tatu sasa tunabishana: nusu wanataka Kinjeketile, ule mchezo wa Ebrahim Hussein wa vita ya Majimaji, nusu wanataka tutunge wetu kuhusu kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa mkopo kabla ya msimu. Mimi ndiye mtunza daftari la michango na najua tuna elfu themanini na mbili tu. Mliopitia haya huku kusini, mlichaguaje? Msiniambie "inategemea".

Binti Ng'apa
Sisi tulicheza Kinjeketile, Lindi mjini. Kilichotusukuma ni kujivunia cha kwetu: Ebrahim Hussein kazaliwa Lindi mwaka 1943, mchezo ukachapwa 1969, halafu vijana wetu wanaujua kwa maswali ya mtihani tu. Nakala ilikuwa moja, tukanakili kwa mkono, kila mtu maneno yake peke yake. Msifanye hivyo! Mtu anakariri vizuri kabisa lakini hajui anamjibu nani.

Kichwa kilituuma pale Kinjeketile anapoingia mtoni na kutoka mkavu. Mwongozaji wetu akataka beseni la maji kweli. Tukajaribu siku moja, uwanja ukawa tope, mwigizaji akateleza. Mwisho tukaazima kaniki mbili, wasichana wanne wakazitikisa chinichini kama mawimbi, mwenzetu akalala nyuma yake kisha akaibuka. Hata watoto walionyamazishwa tangu jioni wakanyamaza wenyewe.

Basi mchezo ukaisha, Kinjeketile kagoma kuyakana maji yake ya dawa, tunangoja makofi. Mzee mmoja mwenyeji wa Liwale akasimama. Kule ndiko boma la Wajerumani lilikochomwa mwaka 1905, vita ilipoanza tu. Akasema kwao wazee wakisimulia Majimaji hawaanzi na maji, wanaanza na njaa iliyofuata, maana ndiyo iliyowamaliza watu kuliko risasi. "Na nyie hiyo njaa hamkuionyesha." Kumbe na wengine walikuwa na ya kwao. Nusu saa nzima wazee wanazungumza, sisi tumesimama na maleba yetu tunasikiliza, jasho linatukaukia mwilini. Mkiuchagua mchezo huo, wekeni muda wa wazee kwenye ratiba.

Bibo Bivu, Tandahimba
Kangomba tulicheza sisi, mwezi wa Agosti. Hatukuanza na kuandika. Kila mtu alisimulia lililompata yeye au jirani yake, tukalisimamisha palepale, tukaangalia nani kacheka na nani kanuna. Penye watu walionuna ndipo tulipochimba.

Aliyeigiza mnunuzi alivaa kofia ya kufuma na kushika kisado, anazunguka nyumba hadi nyumba kuwapa watu hela ya unga ili msimu ukifika walipe kwa korosho. Katikati ya onyesho mama mmoja akapiga kelele: "Ndiye huyohuyo, mpaka kofia yake!" Wallahi hatukumfikiria mtu yeyote, kofia tuliiazima tu. Ila kuna bwana mmoja mstari wa pili akainuka, akaondoka na shemeji zake wanne.

Kesho yake akaja kwa mwongozaji. Tukajua leo kuna ngumi. Akakaa, akaomba maji ya kunywa, akasema mchezo wetu umeegemea upande mmoja: mbona hatukumweka mkulima anayekopa kwa wanunuzi watatu kwa mikorosho ileile, halafu msimu ukifika anapeleka mzigo wote kwenye ghala la ushirika kimya kimya? Tukatazamana. Watu wa namna hiyo tunao, mmoja alikuwa anatupigia ngoma. Tukaliongeza tukio hilo, na onyesho la pili watu walibishana mpaka usiku. Jenereta ya siku hiyo alilipa yule bwana.

Kuhusu hela: Agosti watu wanajaa, mifuko mitupu. Tulitunzwa elfu kumi na tano. Baada ya malipo ya korosho kiingilio wanalipa bila kunung'unika, ila jiandae na walevi wanaopanda jukwaani kumsaidia mwigizaji.

Dereva Masasi
Jenereta yetu ilizima mtu akiwa ndiyo kwanza anakata roho. Bodaboda sita zikawasha taa, akafa upya.

Mwari Mstaafu
Hujauliza, lakini naweka. Mchezo wetu ulikuwa wa binti anayeachishwa shule, na tulianza na unyago. Siku ya mazoezi nyakanga, mkuu wa unyago, akaja bila kuitwa, akakaa kwenye mkeka. Wimbo wa kwanza tu: "Huo mmeutoa ndani mnaupeleka barabarani." Wenzangu wengine wakaona anatuzuia kusema ukweli. Mimi nilikuwa upande wake, na bado nipo. Tukatoa maneno yote, tukabakiza ngoma na wasichana wamegeuza migongo. Waliopita huko walielewa, wasiopita waliona migongo.

Vijana wetu nao walitaka kuingiza lipiko, kinyago cha kuvaa cha Wamakonde, kwenye tukio la mwisho. Wazee wakawaambia kinyago kipo, ila wa kukitoa si nyie. Yakaishia hapo.

Na jambo dogo: kabla ya kugawa nafasi, ongeeni na waume. Mwenzetu alizuiwa siku mbili kabla kwa sababu kwenye mchezo ana mume mwingine. Akavishwa kanga kaka yake mwenye ndevu. Msiba wote ukawa kichekesho.

Kijana wa Mikindani
Nimewasomea wenzangu zote hizi leo chini ya mwembe. Kangomba imeshinda kwa kura tisa, Kinjeketile tutaanza kuusoma taratibu. Kofia tumeshaitupa. Binti Ng'apa, kaniki mnazo bado?

Binti Ng'apa
Moja mama yangu analalia. Njoo uchukue iliyobaki.