Ile chaneli imekata penalti ya mwisho mguu wa mpigaji ukiwa hewani!

Mtoto wa Mzee (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ile chaneli. Sina haja ya kuitaja, wote mnaijua, ni ile ile ya taifa inayojiita ya wananchi wote.

Fainali. Dakika 90 zimeisha, 30 za nyongeza zimeisha, tumeingia penalti. Nne kwa nne. Walioanza wamemaliza tano zao na wamekosa moja. Waliobaki wana mkwaju mmoja mkononi, ukiingia tu kombe lao. Mpigaji kauweka mpira, kaugeuza, kaugeuza tena, karudi nyuma hatua sita. Refa kapuliza. Kipa kainama. Kijana kaanza kukimbia, mguu wa kushoto kauegemeza kando ya mpira, wa kulia uko hewani...

TARUMBETA! "Hamjambo watazamaji, karibuni katika taarifa ya habari."

Mguu ulikuwa hewani, wakuu! Mpaka sasa ninapoandika, mguu wa yule kijana haujashuka. Atazeeka vile vile, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Mzee wangu macho yake hayaoni mbali siku hizi. Mechi huwa tunakaa bega kwa bega namsimulia. Kanishika goti, kaniuliza, "Imeingia?" Aliyemjibu ni msoma habari: "Hamjambo." Mzee kauliza tena, "Imeingia, mwanangu?" Sikuwa na la kumwambia. Mzee wa miaka 81 kaulizia penalti, kajibiwa salamu.

Na msidhani niliwasha televisheni jioni. Leo nimeitazama tangu inafunguka alfajiri. Nimekula mazoezi ya viungo ya yule bwana ambaye kila siku anahesabu moja mpaka nane na hajawahi kufika tisa. Nimekula katuni ya sungura, ile ile ya juzi. Kilimo, bunge, ushonaji, chemsha bongo, makala ya nyangumi. Kati ya nyangumi na kipindi cha afya wakakosa cha kuweka, wakatuwekea maporomoko ya maji na zumari kwa dakika kumi na moja. Maji yanashuka, zumari inalia, taifa zima linatazama maji! Sikulalamika.

Halafu yakaja mahojiano. Yalipangiwa muda wa saa moja. Mheshimiwa kaongea saa moja na dakika thelathini na tano, na hakuna tarumbeta iliyomkatiza. Kaeleza utoto wake, kaeleza mkewe alivyomkubali, mtangazaji anatikisa kichwa tu. Dakika 35 za ziada zilipatikana. Penalti inahitaji sekunde ngapi? Mpira uko mita 11 kutoka langoni, unafika kabla hujapepesa jicho. Hawakuwa na pepeso moja la jicho la kumpa mzee wangu?

Habari ya kwanza ilikuwa ufunguzi wa semina. Mkasi. Utepe. Makofi. Mkasi tena, kwa upande mwingine. Michezo ikaja mwisho kabisa: "Fainali imeamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Sasa tutazame hali ya hewa."

Imeamuliwa vipi?! Mguu uko hewani!

---

Rimoti Iliyopotea: Nawahi siti ya mbele kabisa.

Kimya Kingi: "Kajibiwa salamu." Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Pole mkuu, mwamkie mzee.

Dole Gumba: Mleta mada, simu uliyoandikia uzi huu haina intaneti? Ungetafuta matokeo ukalala.

Mtoto wa Mzee: Matokeo ninayo, mkuu. Iliingia, kona ya chini kushoto. Lakini siwezi kumsimulia mzee kitu nilichokisoma. Anataka kujua kipa alirukia wapi, alikaribia kuugusa au la. Nimwambie nini, mtandao umeandika 5–4?

Fundi Mitambo: Niliwahi kufanya kazi chumba cha kurushia matangazo, si cha hiyo chaneli, kwa hiyo nawaeleza ilivyo. Hakuna mtu aliyemkata mpigaji wenu. Ratiba ya siku nzima inaingizwa kwenye kompyuta, kila kipindi na sekunde yake. Taarifa ya habari huwekewa saa isiyosogezwa, ikifika inaingia yenyewe, hata kama duniani kunaanguka nyota. Kuizuia lazima aliye zamu abonyeze kitufe cha kushikilia, na aliye zamu mara nyingi hana ruhusa ya kubonyeza mpaka mkubwa aseme. Mkubwa saa hizo yuko nyumbani, anatazama mpira.

Dole Gumba: Kwenye chaneli gani?

Fundi Mitambo: Hilo sijibu.

Mtoto wa Mzee: Kwa hiyo mheshimiwa alibonyezewa kitufe dakika 35, na mguu ukanyimwa sekunde moja. Ahsante kwa kunichoma mara ya pili.

Babu Chogo: Vijana mnadhani haya yameanza leo. Tarehe 17 Novemba 1968, Marekani, Jets wa New York wanacheza na Raiders wa Oakland, mpira wao ule wa kushika mkononi. Jets wanaongoza 32–29, zimebaki sekunde 65. Saa moja usiku ikagonga, NBC wakakata kwa watazamaji wa mashariki ya nchi, wakaingiza filamu ya watoto. Oakland wakafunga mara mbili ndani ya sekunde tisa, wakashinda 43–32, na nusu ya nchi haikuona. Wakubwa wa kituo walikuwa wanapiga simu kuagiza filamu isubiri, lakini simu hazikupita, laini zilikuwa zimejaa watazamaji waliopiga kuulizia jambo hilo hilo. Baadaye ikafungwa simu maalumu, laini yake peke yake, ili agizo lisikwame tena.

Kimya Kingi: Kumbe kulalamika ndiko kulikozuia amri ya kutuokoa.

Mpenda Kona: Uingereza pia, 4 Februari 2009, Kombe la FA, Everton na Liverpool. Dakika ya 118, ITV wakaweka matangazo ya biashara. Picha iliporudi, Everton wanashangilia. Bao pekee la mechi, watu waliangalia tangazo la pipi.

Mtoto wa Mzee: Hao angalau walirudishiwa shangwe! Mimi nimerudishiwa mkasi na utepe!

Mama Pacha: Samahani, na sisi wa tamthilia tulalamike wapi? Huo mpira wenu ulipangiwa kwisha saa moja na robo usiku. Mkaongeza dakika 30, mkaongeza penalti, tamthilia yetu ikaliwa nzima. Wiki nzima nimesubiri kuona kama yule pacha aliyezimia ataamka. Mleta mada unalilia mguu mmoja, mimi nimenyimwa mtu mzima na kitanda chake!

Dole Gumba: Mama Pacha kamaliza uzi.

Mtoto wa Mzee: Dada, tamthilia itarudiwa. Penalti ya moja kwa moja hairudiwi, ukishajua imeingia umeshajua.

Mama Pacha: Itarudiwa saa nane mchana, kaka, mimi nikiwa kazini. Wewe ulishinda nyumbani unatazama nyangumi.

Sikio Moja: Mimi shida yangu ni sauti. Msoma habari ananong'ona, unaongeza. Likija tangazo la sabuni, vikombe vinadondoka kabatini, mtoto anaamka. Marekani walitunga sheria mwaka 2010 kuzuia matangazo yasipige kelele kuliko kipindi chenyewe. Huku kwetu rimoti ndiyo sheria.

Rimoti Iliyopotea: Yangu ilishapotea, nisaidieni.

Ishara: Naomba mnisome vizuri. Mimi ni kiziwi. Mkalimani wa lugha ya ishara wamemweka kwenye kisanduku kidogo pembeni chini, halafu maandishi yanayopita yanamfunika mikono. Mikono! Kwenye lugha ya ishara mikono ndiyo maneno. Leo habari nzima nimeona kichwa na mabega yanatikisika. Mleta mada amekatiwa sekunde moja. Mimi nakatiwa kila siku saa mbili usiku.

Kimya Kingi: Hili ni zito kuliko yote. Uzi wako ufunguliwe peke yake.

Mtoto wa Mzee: Ndugu yangu Ishara, uko sahihi, na ukifungua huo uzi nakuja wa kwanza. Ila naomba msinisahau, mguu bado uko hewani.

Sikio Moja: Na zile katuni ambazo mdomo unafunguka kwanza, sauti inafika baada ya chai?

Fundi Mitambo: Hiyo husababishwa na picha na sauti kuchakatwa na mitambo tofauti. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 125 hivi, watu wengi wanaanza kugundua. Ikitangulia, wanagundua mapema zaidi, kama 45 tu.

Sikio Moja: Ya kwangu inachelewa mpaka sungura anakuwa kashaolewa.

Dole Gumba: Kwani yule sungura ni jike?

Rimoti Iliyopotea: Ni jike. Tangu mwanzo ni jike.

Mpenda Kona: Hapana, ni dume, ana sauti ya mwanamke tu.

Mtoto wa Mzee: Wakuu, kuna aliyeona penalti ile kwa macho yake, kwenye chaneli nyingine au uwanjani? Nataka kitu kimoja tu. Kipa alirukia upande gani? Mzee hajalala, ananingoja.

Rimoti Iliyopotea: Sungura ni jike, jina lake limeandikwa mwanzoni kabisa.

Bibi Antena: Mama Pacha, mimi king'amuzi changu kilinasa tamthilia kwenye chaneli ya jirani. Pacha kaamka.

Mama Pacha: KAAMKA?? Bibi, usiondoke. Kamtambua mumewe?

Bibi Antena: Kamtambua mume wa mwenzake.