Printa ya leza kwa ofisi ya Mwaloni: niitume au anunue huko?

Habari za siku, ndugu zangu. Dada yangu anafungua ofisi ndogo ya kusafirisha dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kwa siku atatoa kama kurasa 40: ankara, hati za mzigo, kopi za vitambulisho vya wateja. Huku Minneapolis nimeona printa ya leza ya HP imeshushwa bei sana, namba yake inaishia na herufi "e". Kuna kontena linaondoka mwezi ujao. Niiweke humo, au nimtumie hela anunue huko huko?

*

Kaka, pole na majukumu. Mtumie hela. Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nimeshalifanya mimi.

Niliporudi nyumbani kutoka Ohio nilikuja na printa ya leza, nzuri, karibu mpya. Ilikuwa ya volti 120, na umeme wetu ni 230. Nikanunua stepdauni, yaani transfoma ya kushusha umeme, ya wati 500 nikidhani inatosha, maana kompyuta yangu ilikuwa ikifanya kazi juu yake bila shida. Siku ya pili ilitoa moshi. Printa ya leza haipulizi wino. Inabandika unga, ndiyo tona, kwenye karatasi, halafu inauyeyusha kwa fyuza, yaani roli yenye joto la karibu nyuzi 200, na kila fyuza inapopasha inavuta umeme mwingi kwa mara moja. Stepdauni ya kuuhimili ni kubwa, nzito, na bei yake inakula punguzo lote ulilolipata. Aliyeko Uingereza hana tatizo hili, umeme wao ni kama wetu na hata plagi ni ile ile ya pini tatu.

Hiyo "e" nayo iogope. Printa hizo ziliuzwa kwa mpango wa HP+, unaotaka mashine iwe na intaneti wakati wote na itumie katriji halisi za HP peke yake. Bando likiisha siku ya kupakia mzigo, dada yako atafanyaje? Na akipata tona ya kujaza kwa bei nafuu, mashine itaikataa.

Kwa hiyo asianze na bei ya boksi, aanze na tona. Kabla ya kulipa azunguke maduka mawili matatu ya mjini, aulize tona ya mashine hiyo ipo leo au ni ya kuagiza Dar. Kisha apige hesabu. Kurasa 40 kwa siku, kwa siku 22 za kazi, ni 880 kwa mwezi. Katriji ya HP 85A, inayotumika kwenye ile P1102 ndogo iliyojaa kwenye stesheneri zetu, imepimwa kurasa 1,600, yaani haifiki miezi miwili. Tona ya TK-1170 ya Kyocera M2040dn imepimwa kurasa 7,200, zaidi ya miezi minane. Vipimo hivyo ni vya ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 tu. Kopi ya kitambulisho chenye picha nyeusi hula zaidi.

Mimi kwa kazi hiyo ningechukua M2040dn, hata iliyotumika. Inaskani, inatoa kopi, inachapa pande mbili yenyewe, na dramu yake, ile silinda inayobandika unga kwenye karatasi, imetengenezwa kwa kurasa 100,000. P1102 ni rahisi na fundi yeyote anaijua, lakini haitoi kopi, na dada yako atajikuta kila saa anakimbilia stesheneri na vitambulisho vya watu mkononi.

Asiichomeke kwenye UPS, ile betri ya akiba; fyuza itaizidi nguvu. UPS iwe ya kompyuta, printa iende ukutani kupitia kilinda umeme, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika huja kwa nguvu.

Halafu karatasi. Pale ziwani hewa ina unyevu, na masika ndiyo kabisa: karatasi zinajikunja, zinaingia mbili mbili, watu wanalaumu mashine. Rimu ibaki kwenye kifungashio chake, atoe za kutumia siku hiyo. Na printa isikae karibu na mlango unaotazama magunia ya dagaa. Lile vumbi lake jembamba linaingia kila mahali.

*

Ahsante sana kaka, umeniokoa. Amepata M2040dn iliyotumika pale mjini, muuzaji anasema haijafanya kazi sana. Atajuaje?

*

Amwambie muuzaji aiwashe, wachape ukurasa wa hali ya mashine. Idadi ya kurasa zote ilizowahi kutoa imeandikwa humo. Ikiwa imekaribia 100,000, aombe ashushiwe bei ya dramu au aiache. Kisha atoe kopi kumi mfululizo za kitambulisho chake mwenyewe, aangalie kama kuna mstari mweusi unaojirudia.